Chumba cha Wiki Mbili

Watu wa mtaa ule wa Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkubwa, walimjua Kaltumi kwa mambo mawili: gurusa zake, yaani zile chapati laini za Kinubi alizopika kila Ijumaa, na masanduku ya wanafunzi yaliyojaa verandani kwake kila vyuo vilipokaribia kufunguliwa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Mumewe, aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi, alimwachia sehemu ya nyumba ya zamani iliyojengwa na Wahindi: vyumba vitano vinavyozunguka ua, kuta nene, kila chumba dirisha moja la nondo, na juu ya dirisha matundu matatu ya hewa, kila tundu upana wa sahani.

Kazi ya kupokea wanafunzi hakuitafuta. Ilimjia miaka minane iliyopita, siku moja ya mvua, alipomkuta msichana ameketi verandani kwake juu ya sanduku, amelowa chapachapa. Msichana alikuwa ametoka Arua kwa basi la usiku. Hosteli aliyoandikiwa ilikuwa imemwambia arudi baada ya siku kumi, na mjini hakuwa na mtu. Kaltumi alikuwa na vyumba vitupu, kwa kuwa binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, akamfungulia kimoja. Siku kumi zilipokwisha yule msichana akaenda zake, na muhula uliofuata akawaelekeza wenzake watatu. Nyumba ikawa mahali pa kushukia. Waliofika mjini bila kujua pa kuanzia walikaa kwake wiki moja, wiki mbili, zikizidi sana nne, mpaka hosteli zifunguliwe au wapate chumba karibu na chuo.

Alijifunza mahitaji ya mgeni wa namna hiyo. Aliwaonyesha mtaa wa kupita na mtaa wa kutopita na simu mkononi. Aliwafundisha kuitikia salamu za Kiganda ambazo haziishi upesi. Alijua kwamba wengi hulia wiki ya kwanza, tena hulia bafuni huku wamefungulia bomba ili wasisikike, na akawa hapiti karibu na bafu saa hizo. Wakishahama ni wachache waliorudi kumsalimu. Hakuwalaumu. Nyumba ya kushukia si nyumba ya kukaa.

Baadaye akajitokeza Cleopas, Mkenya mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ntinda, mzee wa kanisa katika kundi la Wakenya wanaosali pamoja huko. Wazazi wa Bungoma na Kitale walikuwa wakimpigia simu kumuuliza mtoto wao afikie wapi, naye akawa anawaleta kwa Kaltumi, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu ile nyumba haikuwa na pombe na mwenye nyumba halali kabla ya watu wote kuingia. Kaltumi na Cleopas waliheshimiana. Waliongea Kiswahili, kwa kuwa Kinubi cha huyu na Kibukusu cha yule havikukutana popote.

Mwezi wa pili wa mwaka mmoja alikaa kwake kijana wa Kikongo, Bénit, na katika wiki ya pili akashikwa na malaria mbaya. Alipona. Lakini mama yake alipiga simu kutoka Bunia akasema, kwa sauti ya kulia, kwamba alimkabidhi mtoto wake kwa mtu naye mtu huyo akamkabidhi kwa mbu. Maneno yale yalimkaa Kaltumi rohoni. Siku ile ile alimwomba ndugu yake mdogo, Zubairi, azibe matundu yote ya hewa vyumbani. Zubairi alikuwa askari polisi mstaafu, anaishi chumba cha uani, na kila kilichoharibika nyumbani ni yeye aliyekitengeneza. Aliuliza kama wavu haungefaa zaidi. Kaltumi alisema wavu hutoboka. Basi Zubairi akapanda ngazi, akapigilia vipande vya plaiwudi juu ya kila dirisha, akavipaka rangi nyeupe kama ukuta, hata mtu asiyejua asingeona kwamba pale palikuwa na matundu. Mbu wakapungua kweli. Kaltumi aliridhika. Alihisi amewatendea watoto wa watu jambo la maana.

Mwezi wa nane Cleopas alileta wasichana wawili kutoka Webuye, Nasike na Moreen, waliosoma sekondari moja na sasa wanakuja kusomea kazi ya maabara. Hosteli yao ilikuwa bado inapakwa rangi, wakaambiwa wasubiri wiki mbili. Kaltumi aliwapa chumba cha pembeni, chenye kitanda kimoja na godoro la chini. Moreen alikuwa mpole, mwenye kifua kibovu, anakohoa tangu siku aliyofika. Nasike alikuwa na miaka kumi na tisa na maswali yasiyokwisha. Jioni alikuja kuketi karibu na Kaltumi, akajaribu kumsaidia kusuka ungo, akaharibu, akafumua, akaanza tena. Alimweleza habari za mama yake, Nabangala, anayepikia watoto mia mbili katika shule ya chekechea kwa kuni, na ambaye nguo zake zote zinanuka moshi hata za kanisani. Aliyasema hayo akicheka, lakini kwa namna ambayo Kaltumi alijua kwamba msichana anamkumbuka mama yake.

Wiki ya pili ilianza kwa mvua, na haikukatika. Nguo zilikaa kambani siku tatu bila kukauka. Alhamisi jioni, siku moja kabla ya wasichana kwenda chuoni kujiandikisha, Nasike alimfuata Kaltumi uani.

"Mama, tuazime hilo jiko lako," alisema. "Moreen hajaacha kukohoa. Nataka kumchemshia maji ya tangawizi."

Kaltumi alikuwa amemaliza kupika. Sigiri, lile jiko la makaa, ilikuwa bado na moto mzuri mwekundu. Alimwambia achukue, ila apikie pale nje mbele ya mlango. Nasike akaitikia, akaibeba kwa kitambaa. Hayo ndiyo yaliyosemwa, si zaidi. Hakumwambia kwa nini asiiingize ndani. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, akaingia chumbani kwake kusali, na mvua ikarudi tena.

Asubuhi aliona ajabu kwamba wasichana hawajatoka kwenda bombani. Walikuwa wamemwambia wanatakiwa chuoni saa mbili. Saa moja na nusu aligonga mlango, akaita jina la mmoja na la mwingine. Akagonga kwa ngumi. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alimwita Zubairi, naye hakuuliza kitu, akaupiga mlango bega mara tatu ukafunguka.

Hapakuwa na moshi. Hilo ndilo lililomshangaza Kaltumi, na hata leo akisimulia hulirudia. Palikuwa na joto tu, joto zito kama la bafuni, na mashuka mawili na blauzi mbili nyeupe zimening'inia kwenye kamba juu ya sigiri iliyobaki majivu. Moreen alikuwa kitandani karibu na mlango, ametapika, anapumua kwa kukoroma. Nasike alikuwa kwenye godoro la chini, karibu na sigiri, amelala ubavu, mashavu yake mekundu kama ya mtu mwenye afya. Kaltumi alipomgusa mkono akajua.

Waliwatoa wote wawili verandani. Jirani alileta gari, wakakimbizwa hospitali ya Mulago. Huko walimwekea Moreen hewa ya mtungi, na daktari kijana akamwita Kaltumi pembeni kumwambia kuhusu Nasike jambo alilokuwa anajua tayari. Alibaki kwenye benchi mpaka alasiri. Cleopas alifika kutoka Ntinda, akaketi karibu naye, akasema ni yeye atakayempigia Nabangala. Alitoka nje kupiga simu hiyo. Kaltumi alimwona kupitia mlangoni, amesimama kwenye manyunyu bila mwavuli, simu sikioni, haongei. Alikuwa anasikiliza tu.

Aliporudi nyumbani alipita moja kwa moja kwenda kile chumba. Kilikuwa kimefagiliwa. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka juu, mwanga ambao haukuwahi kuwamo tangu mwezi wa pili, na akainua macho. Matundu yote matatu yalikuwa wazi.

Zubairi alikuwa uani, anachoma takataka kwenye pipa. Miongoni mwa takataka kulikuwa na vipande vya plaiwudi vilivyopakwa rangi nyeupe.

"Umefanya nini?" Kaltumi alimuuliza.

"Dada, nimefanya kazi ya polisi miaka ishirini na miwili," alisema Zubairi, bila kuacha kuchochea. "Najua watauliza nini. Mtoto ameingiza moto ndani akafunga dirisha. Hiyo ni ajali. Lakini wakikuta chumba kimezibwa hewa, si ajali tena. Itakuwa ni wewe. Tena wewe na mimi."

Kaltumi alisimama pale mpaka kipande cha mwisho kikashika moto.

Kesho yake alikuja Afande Docus kutoka kituoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya uchovu, pamoja na askari mmoja mwenye kamera. Walipima chumba, wakapiga picha sigiri, kamba na komeo lililovunjika. Alikuwa amekwisha kuongea na Moreen hospitalini. Moreen alikuwa amesema kwamba mvua iligeuka ikapiga kwenye mlango na kutaka kuzima makaa, kwamba ni yeye aliyemwambia Nasike waiingize sigiri ndani, kwamba walitaka blauzi zikauke kwa ajili ya siku ya kwanza ya chuo, na dirisha walilifunga kwa kuogopa wezi wanaovua simu kwa kijiti. Afande Docus alisimama katikati ya chumba akatazama juu. Ukutani, kuzunguka matundu, rangi ilikuwa imebanduka kidogo.

"Nyabo," akasema, kwa heshima ya Kiganda, halafu akarudi kwenye Kiswahili chake, "hii matundu ilikuwa wazi, ama ilikuwa imefungwa?"

Zubairi alikuwa mlangoni. Kaltumi hakumtazama.

"Yalikuwa wazi," alisema.

Afande Docus akaandika. Akamgeuzia daftari, Kaltumi akaweka sahihi.

Nabangala alifika jioni ya siku hiyo na Cleopas. Kaltumi alitarajia mwanamke wa kupiga mayowe, akajiandaa kwa hilo. Aliyeshuka garini alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye makovu ya moto kwenye vidole, na alisalimu kila mtu kwa mkono. Maiti ilikuwa bado inasubiri kupasuliwa, halafu kulikuwa na karatasi za kuvukia mpaka wa Malaba, kwa hiyo angekaa mjini siku tatu au nne. Mke wa Cleopas alikuwa amemtandikia kitanda Ntinda. Nabangala alikataa. Alisema atalala alipolala mtoto wake.

Ndivyo alivyokuwa mgeni wa mwisho wa chumba kile. Kaltumi alimbadilishia mashuka. Asubuhi alimpelekea chai na gurusa, akamkuta ameketi kwenye godoro la chini, si kitandani. Alikunywa chai, akashukuru. Mchana alikwenda Mulago kuuliza kama zamu ya mtoto wake imefika, akarudi, akaketi tena pale pale. Siku ya pili Kaltumi alimkuta amesimama juu ya kiti, mkono wake ameunyoosha hadi kwenye tundu la hewa.

"Upepo unapita," alisema Nabangala, bila kushuka. "Nauhisi kwenye vidole. Mimi moshi naujua, mama. Jiko langu limelala ndani ya nyumba yangu miaka yote, kila mwezi wa saba baridi ikianza, na Nasike amekua karibu nalo. Kwetu pana mwanya kati ya ukuta na mabati, kama haya matundu tu. Hatujawahi hata kuumwa kichwa. Basi hapa alikufaje?"

Kaltumi alisema hajui. Kisha akaenda jikoni.

Mtu akiwa na swali la namna hiyo hawezi kukaa nalo bila jibu, na jibu lililokuwa karibu na Nabangala lilikuwa Moreen. Mmoja amekufa na mmoja yuko hai, wote wamelala chumba kimoja, chenye hewa. Alianza kuuliza kama wasichana walikuwa wamegombana. Alimuuliza Cleopas kama Moreen alikuwa na rafiki mjini, kama walikunywa kitu, ni nani aliyechemsha ile tangawizi na ni nani aliyeinywa. Kwenye kituo alimwambia Afande Docus kwamba jambo hili si la makaa. Afande Docus naye alikuwa akisubiri majibu ya daktari, lakini mama wa marehemu akisema hivyo hawezi kuambiwa anyamaze. Alimwita Moreen aje kituoni atakapotoka hospitali, siku ya nne tangu Nabangala afike, saa nane mchana.

Moreen aliruhusiwa asubuhi ya siku hiyo, na Cleopas alimpitisha nyumbani kuchukua nguo. Alikuwa ameishiwa nguvu, kichwa kinamgonga, anatembea kwa kushika ukuta. Alipomwona Nabangala mlangoni mwa chumba alipiga magoti hapo hapo sakafuni na kuanza kusema pole. Nabangala alimtazama kama mtu anavyotazama kiti, akarudi chumbani. Moreen alibaki amepiga magoti. Alimwambia Kaltumi, kwa sauti ndogo, kwamba labda ni kweli amemuua, kwa sababu ni yeye aliyesikia baridi, ni yeye aliyesema sigiri iingizwe, Nasike hakutaka.

Kaltumi alimwinua, akamkalisha. Zubairi alikuwa uani anafua shati. Alimwona dada yake akielekea kile chumba, akamwita mara moja kwa Kinubi, kwa sauti ya kukataza. Hakugeuka.

Nabangala alikuwa anakunja nguo za mwanawe na kuzipanga sandukuni. Kaltumi alisimama, hakuketi.

"Mama Nasike," alisema, "hayo matundu hayakuwa wazi. Yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Mimi ndiye niliyeamuru yazibwe."

Mikono ya Nabangala ilisimama. "Lini?"

"Mwezi wa pili. Kwa sababu ya mbu."

"Na nani ameyafungua?"

"Ndugu yangu. Asubuhi ile, tukiwa Mulago."

"Na afande alipokuuliza?"

"Nilimwambia yalikuwa wazi."

Nabangala aliitazama blauzi iliyokuwa mkononi mwake. Aliikunja, akailaza juu ya nyingine, akaipigapiga ikae sawa.

"Nimelala humu siku tatu," alisema hatimaye. "Kila asubuhi umeniletea chai."

Kaltumi alitaka kusema kwamba hakukusudia, kwamba alifanya kwa ajili ya watoto, lakini aliyaona maneno hayo jinsi yatakavyosikika katika chumba kile, akayaacha. Nabangala alifunga sanduku, akasimama, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema.

"Vaa viatu," alisema. "Twende."

Walikwenda kituoni kwa gari la Cleopas, Kaltumi na Nabangala nyuma, Moreen mbele. Kaltumi alimweleza Afande Docus yote, pamoja na yale ya Zubairi, kwa sababu akiacha hayo ingebidi aseme uongo wa pili. Afande Docus alisikiliza huku amelaza kalamu. Kaltumi alipomaliza, afande alitoa daftari lile la kwanza, akalitazama, akasema tu kwamba angejua tangu siku ile asingemsumbua huyu mtoto mgonjwa. Kisha akaita askari. Zubairi alichukuliwa jioni. Yeye na dada yake walilala mahabusu siku mbili, yeye upande wa wanaume, Kaltumi katika chumba kimoja na wachuuzi wa barabarani waliokamatwa na askari wa jiji, wakatolewa kwa dhamana aliyowawekea, kwa kushangaza wengi, Cleopas. Aliulizwa kwa nini amefanya hivyo. Alijibu kwamba ni yeye aliyewaleta wasichana pale, na hajawahi hata siku moja kuinua macho kuangalia ukuta.

Majibu ya daktari yalikuja: hewa ya sumu itokayo kwenye makaa, hakuna kingine. Maiti ilitolewa siku ya saba. Kaltumi alikwenda Mulago, akasimama mbali, karibu na geti, na kanga yake nyeusi. Aliliona jeneza likiingizwa kwenye gari la wazi na wanaume wa kanisa la Ntinda wakilifunga kwa kamba. Moreen alikuwa anapanda nyuma na hao wanaume pale Nabangala alipomwita. Alimshika mkono, akamvuta, akamkalisha mbele katikati yake na dereva, akamfunika mabega kwa leso yake. Gari lilipopita getini lilipita karibu kabisa na Kaltumi, hata angeweza kuligusa. Nabangala alikuwa anatazama mbele.

Zubairi alihama wiki hiyo hiyo. Alikwenda Bombo kwa mkewe na watu wao, akachukua ngazi yake na sanduku la zana. Alisema jambo moja tu kabla ya kuondoka: kwamba alimlinda dada yake kwa jinsi alivyojua, na dada yake akamkabidhi kwa polisi aliowatumikia. Kaltumi amempigia simu sikukuu mbili. Anapokea mke wake, anasema Zubairi yuko shambani.

Mwenyekiti wa mtaa alileta karatasi inayomkataza kuweka wageni. Hakukuwa na haja, kwa maana hakuna aliyekuwa tayari kumletea mgeni. Vyumba vitatu sasa vimejaa marobota ya mitumba ya wafanyabiashara wa mjini, ambao hawahitaji dirisha wala maji. Kile cha pembeni hakina kitu. Kila chuo kikikaribia kufunguliwa wanafunzi bado hupita mtaani na masanduku yao, wanasimama kuuliza, naye huwaambia hapana, hapa si pa wageni, bila kueleza. Cleopas humsalimu wakikutana. Kutoka kwake alisikia kwamba Moreen alirudi chuoni baada ya muhula mmoja, anaishi Ntinda na familia ya Cleopas, na kwamba kichwa bado kinamuuma na anasahau vitu, jambo lisilofaa kwa mtu anayesomea maabara. Habari za Nabangala hajazipata kwa mtu yeyote.

Kesi haikufika mahakamani wala haikufungwa. Faili liko kwa wakubwa, ndivyo anavyoambiwa. Kaltumi anatakiwa kuripoti kituoni kila Jumatatu ya pili ya mwezi, naye hajakosa hata moja. Anatoka nyumbani asubuhi, anaketi kwenye benchi la nje pamoja na wengine wenye shida zao, anangoja jina lake liitwe. Afande Docus alihamishwa zamani, na baada yake wamepita wengine wawili. Jumatatu iliyopita alikuwepo mpya kabisa, kijana, ambaye alipekua makabati akakosa jalada, akamuuliza mama huyu amekuja kwa shida gani. Kaltumi angeweza kusema amekuja kuweka sahihi tu, na yule kijana angeridhika. Alivuta kiti, akakaa, akamwambia kwamba katika nyumba yake kulikuwa na chumba cha pembeni, na juu ya dirisha lake palikuwa na matundu matatu.